Nyumba Namba 14 Ukingoni mwa Mto Schuylkill

Philadelphia, mji mkubwa wa jimbo la Pennsylvania mashariki mwa Marekani, una safu ya nyumba za mawe na matofali zilizosimama bega kwa bega kwenye ukingo wa mashariki wa Mto Schuylkill, na safu hiyo hujulikana kwa jina la Boathouse Row kwa kuwa karibu kila nyumba ndani yake ni banda la mashua na papo hapo ni makao ya klabu ya wapiga makasia. Ghorofa ya chini, ambayo milango yake mipana huelekea mtoni, huhifadhi mashua nyembamba za mashindano zilizopangwa juu ya vichanja, nayo ghorofa ya juu huwa na ukumbi wa wanachama, vyumba vya kubadilishia nguo, vikombe vya ushindi na picha za timu za zamani. Nyumba iliyo kongwe kuliko zote katika safu hiyo ni namba 14, iliyojengwa mwaka 1860, ambayo tangu mwaka 1938 imekuwa makao ya Philadelphia Girls' Rowing Club, klabu ya makasia iliyoanzishwa na wanawake kwa ajili ya wanawake. Historia ya nyumba hiyo inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu katika mchezo huu, pengine kuliko michezo mingi mingine, swali la nani ana ufunguo wa banda limekuwa na uzito kuliko swali la nani ana nguvu za mikono: mkimbiaji aweza kujifunzia barabarani na mcheza mpira kwenye uwanja wa mtaani, lakini mpiga makasia asiye na banda hana mashua, na asiye na mashua hana mchezo.

Utulivu wa maji yaliyo mbele ya nyumba hizo si wa asili. Mto Schuylkill huanzia katika vilima vyenye makaa ya mawe na kuteremka takriban kilomita 210 kabla ya kuingia katika Mto Delaware, na mwanzoni mwa karne ya 19 sehemu yake inayopita Philadelphia ilikuwa na miamba na mikondo yenye nguvu, huku maji ya kujaa na kupwa yakiupanda kutoka Delaware. Kilichoubadilisha mto ni maradhi. Mwaka 1793 homa ya manjano iliua watu wapatao 5,000 mjini humo, yaani mtu mmoja katika kila watu kumi hivi, na kwa kuwa wakati ule haikujulikana bado kwamba ugonjwa huo huenezwa na mbu, wakuu wa mji waliulaumu uchafu na maji mabaya ya visima, wakaamua kuwaletea wakazi maji safi kwa mabomba. Mfumo wa kwanza, uliobuniwa na mhandisi Benjamin Latrobe, ulianza kazi mwaka 1801 kwa mitambo ya mvuke, na baada yake Frederick Graff, aliyekuwa msaidizi wa Latrobe, alijenga mtambo mwingine mkubwa zaidi mahali paitwapo Fairmount kati ya mwaka 1812 na 1815. Mvuke uligharimu kuni nyingi na matangi yake yalikuwa ya hatari, hivyo kufikia mwaka 1822 mto ulikuwa umezibwa kwa ukuta wenye urefu wa zaidi ya mita 300, ili nguvu ya maji yenyewe izungushe magurudumu ya kusukumia maji hadi kwenye hodhi zilizokuwa juu ya kilima, pale ambapo leo limesimama jumba la makumbusho ya sanaa la mji.

Ukuta huo ulijengwa kwa ajili ya maji ya kunywa, lakini ulizaa jambo ambalo wajenzi wake hawakulikusudia, kwani juu yake mto ulitanda na kutulia kwa kilomita kadhaa kama ziwa refu, usioguswa tena na kujaa wala kupwa, na wakati wa baridi kali uso wake uliganda na kuwa barafu ngumu ya kutembelea. Ili kuyakinga maji hayo yasichafuliwe na viwanda, mwaka 1844 serikali ya mji ililinunua shamba la Lemon Hill lililopakana na mto, ikalifanya bustani ya umma mwaka 1855, na mwaka 1867 ikaunda tume maalumu ya kuitunza bustani hiyo na kuipanua. Juhudi hizo hazikufua dafu mbele ya viwanda vilivyokuwa upande wa juu wa mto, na mwaka 1909 mtambo wa Fairmount ulifungwa kwa sababu maji yake hayakufaa tena kunywewa. Hata hivyo bustani ilibaki na maji tulivu yalibaki, na nyumba zote za Boathouse Row zimejengwa juu ya ardhi hiyo ya umma, kando ya mto ambao ni mali ya umma. Hilo ni jambo la kuzingatiwa katika yote yanayofuata, maana klabu zilizojichagulia wanachama kwa karibu karne nzima zilifanya hivyo juu ya neema iliyolipiwa na mji mzima.

Nyumba namba 14 haikujengwa kwa ajili ya makasia hata kidogo, bali kwa ajili ya barafu. Mwaka 1849 ilikuwa imeanzishwa klabu ya kuteleza kwenye barafu, mchezo ambao mtu huvaa viatu vyenye bapa la chuma chini yake na kwenda kasi juu ya uso ulioganda, na kwa kuwa barafu ya mto haina dhamana, klabu hiyo iliwataka wanachama wake wabebe kamba ya kumrushia yeyote atakayetumbukia. Mwaka 1861 iliungana na chama cha hisani kilichoshughulika na kuwaokoa watu waliokuwa wakizama, na tangu hapo burudani na uokoaji vikawa chini ya paa moja. Nyumba yenyewe ilichorwa na James C. Sidney, msanifu aliyeshiriki pia kuchora ramani ya bustani ya Fairmount mwaka 1859, naye aliijenga kwa mtindo ulioiga nyumba za mashambani za Italia, uliopendwa sana Marekani katika miaka ile, wenye paa la mteremko mdogo, michirizi mipana inayoshikiliwa na vikono vya mapambo, madirisha ya tao, na chumba kidogo cha madirisha juu ya paa. Kwa macho ya leo nyumba hiyo ni ya kiasi ikilinganishwa na majirani zake, na pengine ndiyo sababu watalii huipita; lakini ndiyo iliyoonyesha kwanza kwamba nyumba ya mawe yenye heshima yaweza kusimama hapo mtoni badala ya vibanda vya mbao.

Kabla ya kuendelea na klabu, inafaa kueleza mchezo wenyewe, kwani katika Afrika Mashariki, penye mabaharia wengi, mashindano ya aina hii si ya kawaida. Msomaji wa pwani anaijua tofauti kati ya kafi, ambalo mwenye mtumbwi hulishika mikononi tu huku akitazama mbele, na kasia, ambalo hupitishwa kwenye kishwara na kuvutwa na mtu aliyelipa omo kisogo. Mchezo huu ni wa kasia: washindani hukaa wakitazama tezi, hivyo huenda wasikokuona, na humwona mpinzani pale tu wanapokuwa wamempita. Mtu aweza kushika makasia mawili, moja kwa kila mkono, au aweza kushika kasia moja refu kwa mikono yote miwili, na katika namna hii ya pili mashua huwa na watu wawili, wanne au wanane, ili makasia ya kulia na ya kushoto yalingane. Mashua ya watu wanane huwa na mtu wa tisa, mwepesi wa mwili, ambaye hashiki kasia bali hushika usukani, hutazama njia na kuamuru mwendo kwa sauti.

Mashua hizo ni nyembamba kupita kiasi. Ya mtu mmoja ina urefu wa takriban mita 8 na upana wa kama sentimita 30 tu pale inapogusana na maji, na kanuni za sasa za kimataifa zinakataza isiwe na uzito chini ya kilo 14. Ya watu wanane ina urefu wa zaidi ya mita 16 na uzito usiopungua kilo 96, bila kuhesabu watu wala makasia. Kwa kuwa mashua nyembamba kiasi hicho haina upana wa kutosha kulipa kasia nguvu, vishwara vyake vimewekwa nje, kwenye ncha za vyuma vinavyochomoza ubavuni, ambavyo havina kazi ya kuizuia mashua isipinduke kama zifanyavyo ndubi za ngalawa, ila hulisogeza kasia mbali na ubavu ili mvutano wake uwe mkubwa. Badiliko jingine kubwa lilikuja katika miaka ya 1870, pale kiti kilipowekwa juu ya reli ndogo kikawa kinateleza mbele na nyuma, na kwa hila hiyo miguu, iliyo na misuli mikubwa kuliko mikono, ikafanywa kuwa chanzo kikuu cha nguvu. Mashindano rasmi ya leo ni ya mita 2,000 katika mstari ulionyooka, umbali ambao timu bora ya watu wanane huumaliza kwa chini ya dakika sita, na anayeutazama kutoka ukingoni huona wepesi mahali ambapo wanaovuta wanaona giza kwa uchovu.

Mashua kama hizo haziwezi kuachwa nje juani wala kubebwa kwenda nyumbani, na hapo ndipo klabu zilipopata nguvu zake. Bachelors Barge Club iliundwa mwaka 1853, University Barge Club mwaka 1854 na Undine Barge Club mwaka 1856, na mwaka 1858 klabu tisa ziliungana katika chombo kilichoitwa Schuylkill Navy, ambacho jina lake ni la jeshi la majini lakini kazi yake ni kusimamia mashindano na kanuni, nacho kinahesabiwa kuwa chombo kikongwe kuliko vyote vinavyosimamia michezo ya ridhaa nchini Marekani. Michezo ya ridhaa ni ile ambayo mshindani halipwi, na kanuni hiyo ilikuwa na sababu yake, kwani katika karne ya 19 kulikuwa na wapiga makasia wa kulipwa walioshindana kwa fedha nyingi mbele ya umati wa wacheza kamari. Baadhi yao walikuwa mabingwa wa kweli, mfano wa ndugu wa familia ya Biglin, ambao mchoraji Thomas Eakins aliwachora mara kadhaa katika miaka ya mwanzo ya 1870 kwa umakini uleule alioutumia mwaka 1871 kumchora rafiki yake Max Schmitt, bingwa wa ridhaa, akiwa peke yake katika mashua yake kwenye Schuylkill. Katika picha hiyo Eakins alijichora naye pia, mbali kidogo, akivuta makasia, na bila shaka hakuna mchoraji mwingine wa zama zake aliyeuelewa mto huo kwa mwili wake namna ile.

Tume ya bustani ilipoanza kazi ilivikataa vibanda vya ovyo vilivyokuwa vimejengwa ukingoni, ikataka nyumba mpya ziwe imara, za mawe, na michoro yake iidhinishwe kwanza. Ndivyo safu ilivyopata sura yake, na kilele chake ni nyumba namba 13, jirani ya karibu ya namba 14, ambayo Frank Furness, msanifu mashuhuri kuliko wote wa Philadelphia wa wakati ule, aliwajengea Undine mwaka 1882 na 1883. Klabu hiyo ina jina la binti wa majini katika hadithi ya mwandishi Mjerumani Friedrich de la Motte Fouqué iliyotoka mwaka 1811, na hata nyumba yake ya mapumziko iliyo juu zaidi mtoni inaitwa Castle Ringstetten, kwa jina la ngome iliyomo katika hadithi hiyohiyo.

Kanuni ya ridhaa iliyowekwa ili kufukuza kamari iligeuka mahali pengine kuwa ukuta wa kitabaka, na ushahidi ulio wazi kuliko wote ni habari ya mwanachama wa klabu nyingine ya safu hiyo, Vesper Boat Club, ambayo timu yake ya watu wanane ilitwaa ubingwa wa Olimpiki mwaka 1900 jijini Paris, mwaka 1904 mjini St. Louis, na tena mwaka 1964 jijini Tokyo. John B. Kelly alikuwa mwashi wa matofali, mtoto wa wahamiaji kutoka Ireland, naye mwaka 1920 aliomba kushiriki mashindano ya Henley, yanayofanyika kwenye Mto Thames nchini Uingereza na ambayo wakati ule yalikuwa na heshima kuliko mengine yote. Ombi lake lilikataliwa. Wasimamizi wa Henley walikuwa wameipiga marufuku klabu ya Vesper tangu mwaka 1906 kwa madai kwamba wanachama wake walichangiwa fedha za safari, na zaidi ya hayo kanuni zao zilimwondoa katika ridhaa mtu yeyote aliyefanya kazi ya mikono, kana kwamba kubeba matofali ni aina ya udanganyifu. Miezi michache baadaye, katika Olimpiki ya Antwerp, Kelly alimshinda Mwingereza Jack Beresford katika mashua ya mtu mmoja, akapumzika kwa muda usiotimia saa moja, kisha akashinda tena katika mashua ya watu wawili pamoja na binamu yake Paul Costello. Kifungu cha wafanyakazi wa mikono kilifutwa Henley mwaka 1937, na mwaka 1947 mwanawe, John B. Kelly Mdogo, alishinda kikombe kilekile ambacho baba yake alinyimwa nafasi ya kukigombea. Barabara inayopita nyuma ya mabanda ya Boathouse Row leo ina jina la mwana huyo.

Kisa cha Kelly kimesimuliwa sana, na ni haki kisimuliwe, lakini kinaficha ubaguzi mwingine uliodumu zaidi, ambao hata mwashi aliyenyimwa haki Henley aliufaidi bila kuujua alipokuwa kwao. Wanawake walikuwa wakipiga makasia Marekani tangu karne ya 19: chuo cha wanawake cha Wellesley kilikuwa na mashua tangu miaka ya 1870, na mwaka 1892 wasichana wanne wa San Diego, huko California, walianzisha klabu waliyoipa herufi za mwanzo za majina yao, ZLAC, ambayo ipo hadi leo. Lakini katika klabu za Schuylkill mwanamke alikuwa mgeni wa siku za sherehe, aliyekaribishwa kwenye roshani kutazama. Iliaminiwa kwamba juhudi kubwa ya mwili ingemdhuru, na hata palipokuwa na mashindano ya wanawake, hasa Uingereza, mara nyingi waamuzi walitoa pointi kwa uzuri wa mkao na mwendo badala ya kupima nani amefika kwanza.

Mwanamke aliyeivunja desturi hiyo Philadelphia alikuwa Ernestine Bayer, aliyezaliwa mwaka 1909, mfanyakazi wa benki, ambaye mumewe Ernest alipata medali ya fedha ya makasia katika Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928. Kwa miaka kadhaa alikuwa akifika mtoni kumtazama mumewe na wenzake wakifanya mazoezi, akajiuliza swali la kawaida kabisa ambalo halikuwa na jibu la maana: kwa nini mwanamke asishike kasia naye. Nafasi ilipatikana mwaka 1938, pale klabu ya kuteleza kwenye barafu ilipohamia Ardmore, nje kidogo ya mji, kwenye ukumbi wenye barafu ya kutengenezwa isiyotegemea rehema ya majira, ikaiacha nyumba namba 14 bila mwenyewe. Tarehe 4 Mei mwaka huo Bayer na wenzake, jumla yao wanawake 17, wengi wao wake au marafiki wa wapiga makasia, waliunda Philadelphia Girls' Rowing Club na kuikodi nyumba hiyo.

Umuhimu wa hatua hiyo hauonekani upesi kwa mtu asiyeujua mchezo. Wanawake hao wangeweza kuomba kuazimwa mashua na klabu ya wanaume kwa saa zisizotumiwa na wenyewe, na huenda wangekubaliwa na wachache wenye moyo mzuri. Lakini hisani ya namna hiyo huisha pale mwenye mali anapobadili mawazo, na mchezo unaohitaji mazoezi ya kila siku alfajiri hauwezi kujengwa juu ya hisani. Kwa kuwa na nyumba yao, walikuwa na mlango waliofungua kwa saa waliyotaka, vichanja vya mashua zao wenyewe hata zilipokuwa kuukuu, mahali pa kuoga na kubadili nguo, na haki ya kufanya mkutano na kuamua mambo yao. Walijifunza kutunza makasia, lakini pia walijifunza uongozi, kuweka hesabu za fedha na kukarabati paa, mambo ambayo mwanachama mwalikwa hafundishwi kamwe. Tatizo lao kubwa halikuwa tena nafasi bali wapinzani, maana timu za wanawake nchini zilikuwa chache na mbali mno, hivyo kwa miaka mingi walishindana zaidi wao kwa wao, wakiuendeleza mchezo ambao rasmi ulikuwa kana kwamba haupo.

Hali ilianza kubadilika katika miaka ya 1960, pale Bayer na wanachama wenzake, akiwemo Joanne Wright Iverson, waliposhirikiana na wapiga makasia wa maeneo mengine kuunda chama cha taifa cha makasia cha wanawake, na mwaka 1966 mashindano ya kwanza ya taifa ya wanawake yakafanyika mjini Seattle. Mwaka uliofuata Bayer aliongoza timu ya watu wanane ya klabu ya namba 14 kwenda Vichy, nchini Ufaransa, kwenye ubingwa wa Ulaya, ambao wakati huo ndio uliokuwa uwanja mkuu wa wanawake katika mchezo huu. Hawakurudi na medali, kwani nchi za Ulaya ya Mashariki, zilizowaandaa wanawake wao kwa fedha za serikali, ziliwaacha mbali. Walichorudi nacho ni kwamba Marekani ilikuwa imewakilishwa, na baada ya hapo hakuna kiongozi wa mchezo aliyeweza kudai kwamba nchi hiyo haina wanawake wa kupeleka. Mwaka 1976, makasia ya wanawake yalipoingia kwa mara ya kwanza katika Olimpiki, jijini Montreal, timu ya Marekani ya watu wanane ilipata medali ya shaba na Joan Lind akapata ya fedha katika mashua ya mtu mmoja, na mwaka 1984 jijini Los Angeles timu ya watu wanane ilitwaa dhahabu. Hata wakati huo wanawake waliwekewa mbio za mita 1,000, nusu ya umbali wa wanaume. Umbali uleule wa mita 2,000 walipewa mwaka 1985, na idadi sawa ya mashindano waliipata Tokyo tu, katika Olimpiki ya 2020 iliyofanyika mwaka 2021. Katika Olimpiki hiyo Kathleen Noble alikuwa mpiga makasia wa kwanza kuiwakilisha Uganda, na katika Paralimpiki iliyofuata hapohapo Asiya Mohammed Sururu wa Mombasa aliiwakilisha Kenya.

Kwamba suala la banda halikuwa la Philadelphia peke yake lilidhihirika mwaka huohuo wa 1976 katika Chuo Kikuu cha Yale, ambako wanawake walifanya mazoezi katika mto uleule na wanaume, wakitumia jengo lililokuwa na bafu za wanaume tu. Baada ya mazoezi ya majira ya baridi waliketi ndani ya basi wakiwa wamelowa, wakiwangoja wanaume waoge maji ya moto, na baadhi yao wakaugua. Tarehe 3 Machi wanawake 19 wa timu hiyo, wakiongozwa na nahodha wao Chris Ernst, waliingia ofisini kwa msimamizi wa michezo na kumwonyesha miili yao iliyoandikwa kwa wino Title IX, jina la kifungu cha sheria ya mwaka 1972 kinachozuia ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu. Habari yao ilienea magazetini, na mwaka uliofuata jengo hilo likaongezewa vyumba vya wanawake. Wanawake wa namba 14 walikuwa na bafu zao tangu miaka karibu 40 nyuma, na jambo hilo dogo linaeleza kwa nini wao waliweza kuendelea wakati juhudi nyingi za wengine zilikufa.

Bayer mwenyewe alihamia baadaye New Hampshire, akaendelea kupiga makasia hata baada ya kutimiza miaka 80, na alifariki mwaka 2006 akiwa na miaka 97. Chama cha makasia cha Marekani kina tuzo yenye jina lake. Safu ya nyumba ilitambuliwa mwaka 1987 kuwa urithi wa kihistoria wa taifa, na tangu mwaka 1979 kingo za mapaa na kuta zake zimepambwa kwa taa, wazo la msanifu wa mwanga Ray Grenald, kiasi kwamba wageni wengi wanaoingia mjini usiku huzijua kwa mwanga kabla ya kuzijua kwa kazi. Taa hizo ziliondolewa mwaka 2023 ili mfumo mpya ufungwe, nazo zikawashwa tena Machi 2024.

Tishio la kweli kwa safu hiyo liko majini. Ukuta uleule ulioutuliza mto huyazuia pia mashapo, yaani udongo na vumbi ambavyo maji huviteremsha kutoka juu, na katika zama za machimbo ya makaa ya mawe mashapo hayo yalikuwa mengi hata ikabidi kufanywe kazi kubwa ya kuusafisha mto kuanzia miaka ya 1940. Kina kilipungua tena mbele ya mabanda na kwenye njia za mashindano, makasia yakawa yanagusa tope, hadi uchimbaji mwingine ulipoanza mwaka 2020. Kisha Septemba 2021 mvua za kimbunga Ida zilileta mafuriko yaliyoingia katika mabanda. Gharama ya kuzibua mto ni kubwa kuliko uwezo wa klabu yoyote, na mzigo huo unairudisha Boathouse Row pale ilipoanzia, kwenye kazi ya umma, jambo linalozipa klabu sababu nzuri ya kufungua milango yao kwa wakazi wa mji wote.

Milango hiyo leo imefunguka zaidi kuliko zamani. Klabu zilizokuwa za wanaume zina wanachama wanawake, na wasichana wa sekondari hushindana kwa wingi katika Stotesbury Cup, mashindano ya shule yaliyoanza mwaka 1927. Wengine huuliza basi klabu ya wanawake pekee ina kazi gani tena, na swali hilo si la kupuuzwa, ila linasahau kwamba kuruhusiwa kuingia katika nyumba iliyopangwa na wengine si sawa na kuipanga yako. Katika nyumba namba 14 wanawake ndio wanaochagua kocha, wanaonunua mashua, wanaoamua nani atashika usukani na nani atafunzwa, na klabu huwapokea hata watu wazima ambao hawajawahi kukaa katika mashua. Wengi wa aina hiyo huingia katika mashindano ya wakongwe, ambamo washindani wenye umri mkubwa zaidi hupunguziwa sekunde kadhaa katika muda wao, ili mama wa miaka 60 na wa miaka 40 waweze kugombea kikombe kimoja.